Kwani nimebaki na ngapi? Jibu kwa dada wa apu ya bajeti

Swali lililonifikia, nikilifupisha: "Mimi ni divelopa, niko Roysambu, nimejenga apu ya mtu kufuatilia pesa zake. Inasoma meseji za M-Pesa, ina dashibodi, chati ya duara, mafungu 24 ya matumizi, malengo ya akiba, kila kitu. Watu wananiambia ni kali, wanaipakua, halafu baada ya wiki mbili hakuna mtu anaifungua. Nimebadilisha rangi mara tatu. Nimekosea wapi kwa muonekano? Na je, niweke mandhari ya giza?"

Dadangu, pole na hongera kwa pamoja, juu kufikisha apu mahali watu wanaipakua si mchezo. Zile picha za skrini ulituma nimeziangalia mara mbili, mara ya kwanza kwa meza nikiwa na chai, mara ya pili nikiwa ndani ya matatu ya Thika Road nimesimama, mkono mmoja umeshika chuma na mwingine simu, na hio mara ya pili ndio nilielewa shida. Kwa meza ilikaa vizuri sana. Kwa matatu sikuona kitu.

Skrini yako ya kwanza nimeihesabu, ina namba kumi na moja. Salio la M-Pesa, salio la benki, mapato ya mwezi, matumizi ya mwezi, asilimia ya mwezi uliopita, akiba, lengo la akiba, sijui nini na nini, halafu duara la rangi. Na hakuna hata moja kati ya hizo kumi na moja inajibu kile kitu kilifanya mtu afungue apu. Hebu fikiria ni nani hufungua apu ya pesa na ni saa ngapi. Ni mtu amesimama dukani ameshika viatu vya mtoto anajiuliza kama anaweza vilipia sasa ama angoje. Ni mtu yuko kitandani tarehe 18 usiku amekumbuka kuna chama wiki ijayo na hana uhakika. Swali lake ni moja tu, kwani nimebaki na ngapi ya kutumia hadi pesa ingine iingie? Hilo swali anajiuliza mara nne kwa siku. Swali la "nilitumia asilimia ngapi kwa burudani mwezi wa tatu" anajiuliza Januari, na akishajiuliza anafunga haraka asijue jibu.

Kwa hivyo ningekuwa wewe ningeweka namba moja, kubwa, juu kabisa, na sentensi moja chini yake. Mfano. Leo ni tarehe 18, mshahara unaingia 28, salio ni 10,500. Kabla ya hio 28 kuna tokeni za stima kama 1,000, wifi 2,000, na chama 3,000. Inabaki 4,500, siku ni kumi, basi namba kubwa ni 450 na chini imeandikwa "ya kutumia leo, hadi tarehe 28". Basi. Hio 10,500 iko, lakini ni ndogo, iko chini, juu ukweli ni kwamba hio 10,500 ndio inatuponza wengi wetu, unaiona unajiona tajiri unaitisha nyama choma, kumbe 6,000 ya hapo ndani si yako tena, ni ya watu. Na mtu akibonyeza hio 450 apate hesabu yenyewe vile nimeiandika hapa, mstari kwa mstari, kama vile muuza duka anakuandikia kwa karatasi. Namba ambayo mtu hawezi kuona imetoka wapi haaminiki, na ya pesa ndio kabisa.

Sasa usiniambie watu wote wana mshahara wa tarehe 28. Najua. Hapo ndio apu nyingi zinajengwa zikiiga za Ulaya na Marekani ambako mtu analipwa tarehe zinazojulikana, mwezi unaanza tarehe moja, bajeti ni ya mwezi. Mtu wa boda hana mwezi, ana siku. Anajua leo lazima atoe mafuta, atoe ile ya mkopo wa pikipiki, halafu kinachobaki ndio cha nyumbani. Kwake namba kubwa inasomwa kinyume, si "nimebaki na ngapi ya kutumia" ila "imebaki ngapi nifikishe ya leo", na akishafikisha ndio inageuka kuwa yake. Fundi wa kazi za hapa na pale naye anahesabu kwa wiki ama kwa kazi. Kwa hivyo swali la kwanza kabisa mtu akifungua apu liwe "Pesa yako huingia vipi?" na majibu matatu tu, kila siku, mwisho wa mwezi, wakati wowote. Hilo moja lina kazi kuliko kurasa zako tano za kukaribisha zenye michoro ya watu wanaruka wakifurahia (samahani, lakini nani ashawahi ruka hivyo kwa sababu ya bajeti).

Nimesema namba iaminike, na hapa nitakaa kidogo, juu hapa ndio nafikiri umepoteza watu wako, si kwa rangi. Nilijaribu apu yako na meseji zangu mwenyewe za wiki tatu. Ikaniambia nimetumia karibu mara mbili ya vile nilitumia. Nikashtuka, nikaanza kutafuta ni nini nilinunua. Kumbe nilihamisha pesa kutoka M-Pesa kwenda benki kwa paybill ya benki, apu ikahesabu ni matumizi, halafu nikaitoa benki nikalipa rent, ikahesabu tena. Pesa ile ile. Nikaweka kidogo kwa akiba ya M-Shwari, nayo ikaandika "nimetumia". Mtu ameweka akiba halafu apu inamwonyesha rangi nyekundu kama amekunywa! Kuhama kwa pesa kati ya mifuko ya mtu mmoja si kuingia wala kutoka, inafaa ionekane tofauti kabisa, rangi ya majivu, mshale wa kwenda na kurudi, na isiguse ile namba kubwa isipokuwa ni kuingia akiba. Na ukikosea uhamisho mmoja tu wa elfu ishirini, mtu haoni hitilafu ya kompyuta, anaona apu ya uongo, anafunga. Hizo wiki mbili zako nadhani ndio muda inachukua mtu kuhamisha pesa mara moja.

Ya Fuliza pia iangalie, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisipotosha. Ilianza Januari 2019 na sasa iko kwa maisha ya watu kama chumvi. Mtu akiwa na deni la Fuliza la 840, salio lake la M-Pesa linasoma sifuri, na apu yako inamwonyesha sifuri. Sio sifuri. Ni kasoro 840, na kuna ada ya kila siku juu yake. Akitumiwa 2,000 na mjomba, deni linakatwa lenyewe kabla hajaiona, sasa yeye anajua ana 2,000, apu ilikuwa imesema 0, akiangalia anapata 1,160 ama chini ya hapo. Onyesha hio kasoro mapema, na uandike wazi "Pesa ikiingia, 840 itakatwa kwanza". Hio sentensi moja ni ya maana kuliko duara lako lote.

Vingine ni vidogo lakini usivisahau. Meseji ya kurudishiwa pesa lazima ifute ile ya kwanza, isikae kama mapato. Ule msimbo wa herufi na tarakimu kumi mwanzoni mwa meseji utumie kutambua muamala, ndio mtu akibandika meseji ambayo apu ilikuwa ishaisoma isihesabiwe mara mbili. Hakikisha meseji imetoka kwa MPESA yenyewe na si namba ya kawaida, maana wale matapeli wa "nimekutumia kimakosa" wanatuma meseji feki imefanana kabisa, na apu yako ikiisoma na kuandika "umepokea 3,500" utakuwa umewasaidia kazi. Na pesa zihifadhi kama senti, namba nzima, usitumie desimali za kawaida za kompyuta, si unajua 0.1 jumlisha 0.2 huko inakupa 0.30000000000000004. Lakini kwa skrini toa hizo senti, mtu hahitaji kuona Ksh 450.00, sifuri mbili za bure zinafanya 450 ifanane na 45,000 ukiangalia haraka. Ziache pale tu zina maana, kama ada za Fuliza.

Mafungu. 24! Dadangu. Mimi najua watu wana mafungu kwa kichwa, hio si uvumbuzi wetu, Richard Thaler alipata Nobel ya uchumi 2017 na sehemu ya kazi yake ni hio hio, kwamba watu wanagawa pesa kwa mifuko ya akilini na ya mfuko mmoja haichukuliwi kwenda mwingine. Nyanya yangu alifanya na leso, fundo la chumvi na fundo la kanisa. Lakini hakuwa na mafundo 24. Na la muhimu, aliyapa majina mwenyewe. Sasa wewe umempa mtu wa Kayole fungu la "Burudani na Mtindo wa Maisha", aweke nini hapo? Anza na manne, Nyumba, Chakula, Usafiri, Watu, na umwache aongeze yake kwa maneno yake. Hio ya Watu usiikate, juu hapa kwetu pesa ya watu ni bajeti nzima, ni mama nyumbani, ni mchango wa hospitali, ni harambee ya matanga, ni ndugu amekwama. Apu zingine zinaita hio "uhamisho" na kuiacha hapo.

Na shida ya majina unaijua. Ukilipa mboga kwa kutuma pesa meseji inakuja na jina la mtu, ukitumia mamako pesa inakuja na jina la mtu. Hata till wakati mwingine ina jina la mwenye duka. Kompyuta haiwezi kujua nani ni mboga na nani ni mama, na usiifanye ijifanye inajua. Muulize mtu, lakini mara moja kwa kila jina, halafu ukumbuke milele. Na usimuulize papo hapo akiwa bado anapewa chenji. Kusanya, jioni umwonyeshe majina matatu ya leo, kila moja na vitufe vinne, anabonyeza tatu anamaliza kabla mahojiano ya redio hayajaisha. Asipojibu, yakae "bado", na namba kubwa iendelee kufanya kazi bila hayo. Apu inayokataa kusonga hadi ujaze fomu itafutwa tu.

Pesa taslimu nayo, akitoa 1,000 kwa ajenti, hesabu ni imeenda. Usimdai aandike kila shilingi 50 ya matatu. Najua kuna watakaosema sio sahihi kihesabu, ni kweli, lakini nimeona apu nyingi zikifa kwa kudai mtu aandike chapati.

Chati ya duara, itoe. Macho ya mtu yanalinganisha urefu vizuri kuliko pembe, watafiti Cleveland na McGill walionyesha hivyo 1984 na bado watu wanachora maduara. Mistari minne ya kulala, mrefu juu mfupi chini, jina kushoto, namba kulia zimepangwa kwa mstari, na fonti yenye tarakimu za upana mmoja ili 1,110 na 8,888 zikae sawa zikifuatana. Iweke skrini ya pili. Skrini ya kwanza usiguse.

Rangi umebadilisha mara tatu na nakuelewa, rangi ndio kitu rahisi kubadilisha. Yangu ni moja, acha nyekundu ipumzike. Saa hizi kila matumizi ni nyekundu, na kwa kuwa binadamu hutumia pesa kila siku, skrini yote ni damu, mtu anahisi anashtakiwa. Matumizi ya kawaida yawe meusi tu. Nyekundu ingoje kitu kinachohitaji mtu afanye jambo leo, kama chama kesho na pesa haitoshi. Na usitegemee rangi peke yake, kuna watu hawatofautishi nyekundu na kijani, weka alama ya kutoa na neno. Yale maandishi yako ya majivu hafifu juu ya nyeupe hayasomeki kwa jua, kipimo cha kawaida ni tofauti ya mwangaza ya 4.5 kwa 1 kati ya maandishi madogo na kilicho nyuma yake, pima. Vitufe visishuke chini ya 48dp (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa wa vitu kwa skrini). Na jaribu kwa simu ya kawaida ya Tecno ama itel yenye kioo kimepasuka na maandishi yamekuzwa, si ile yako.

Sasa maneno, na hapa nimefurahi kwamba umeweka Kiswahili, lakini kimetafsiriwa na mashine, inaonekana. Una kitufe cha "Tuma" na kando yake "Tumia". Herufi moja! Kwa matatu nilibonyeza ule mbaya mara mbili. "Toa" umeitumia kwa kutoa pesa na pia kwa kuondoa rekodi kwenye orodha, sasa mtu anaogopa, akibonyeza Toa ni pesa inatoka ama ni mstari unafutika? Rekodi "futa", pesa "toa", na lile Tumia lako liite "Matumizi". Badala ya "Mapato" na "Gharama" andika "Imeingia" na "Imetoka", ndio watu wanasema. "Salio" iache, M-Pesa ishawafundisha watu hilo neno. Halafu imeandikwa "siku 1 zimebaki", siku moja imebaki, siku kumi zimebaki, Android ina mfumo wa umoja na wingi, utumie, Kiswahili hakikusamehi hapo. Na saa, mtu akiandika umkumbushe "saa mbili", ni saa mbili asubuhi, ya usiku, ama ile ya simu ya saa nane mchana? Mpe asubuhi, mchana, jioni achague, umemaliza ugomvi.

Kuhusu faragha. Salio liwe limefichwa ukifungua, nukta nukta, mtu abonyeze ndio lionekane, juu kwa matatu jirani anasoma simu yako kuliko wewe. Ile 450 inaweza kuonekana, haimwambii jirani kitu. Washa ile FLAG_SECURE ya Android ili pesa zisionekane mtu akipitia apu zilizofunguliwa, ila ujue hio inazuia pia kupiga picha ya skrini, na watu wetu wanapenda kutumiana ushahidi, kwa hivyo wape kitufe cha kushiriki risiti moja. Ruhusa ya kusoma meseji usiiombe skrini ya kwanza kama sasa. Apu za mikopo zimetuharibia jina, zilikuwa zinasoma simu ya mtu halafu zinapigia shemeji yake kumdai, hadi Benki Kuu ikatoa kanuni za wakopeshaji wa dijitali 2022. Mtu akiona "ruhusu isome meseji" anakumbuka hayo. Mwache kwanza abandike meseji moja mwenyewe, aone inavyogeuka kuwa mstari safi, halafu umuulize kama anataka ifanye hivyo yenyewe, na umwambie kwa maneno ya kawaida kwamba inasoma za MPESA tu na haitoki kwa simu, kama ni kweli haitoki. Google nao wamebana hio ruhusa tangu 2019, apu za kufuatilia pesa kwa meseji zina nafasi lakini unajaza fomu ya kujieleza na wao ndio wanaamua, na kwa iPhone haiwezekani kabisa, kwa hivyo njia ya kubandika utaihitaji tu. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa peke yako bedsitter, isome kabla hujaweka seva.

Arifa punguza. "Umezidisha bajeti yako ya chakula!" saa tatu usiku, mtu amelisha watoto, unamwambia nini sasa. Niliwahi kuandika maneno kama hayo kwa apu ya kampuni moja nilikofanya kazi, sitaitaja, tulijiona wajanja, mama mmoja kwa majaribio akasoma akaweka simu chini akasema "hata hii inanigombeza". Sijasahau. Andika "Kesho ni 380" na unyamaze.

Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu tena, chora skrini mpya kwa karatasi. Uende nayo steji, kwa kinyozi, kwa mama mboga, watu watano wanatosha kuanza, Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima kama kitu ni rahisi kutumia, amesema hivyo miaka mingi na kwa kazi ndogo kama hii mimi nakubali. Mpe karatasi umuulize "huyu mtu anaweza tumia ngapi leo?" halafu ufunge mdomo. Usimsaidie. Akisema 10,500 badala ya 450 rudi uchore upya, usimweleze, hutakuwa hapo akiipakua.

Mandhari ya giza, ndio weka, inasaidia betri kwa simu zenye skrini za OLED na watu wanaangalia pesa usiku, lakini ni kazi ya wikendi moja na ingoje hadi ule uhamisho wa benki uache kuhesabiwa mara mbili. Nitumie picha ya karatasi ukishatoka steji, hata kama imemwagikiwa chai.